Aliingia darasa la kwanza anasoma, sasa waliokuwa hawajui hata "a" wamempita. Mdogo wake tumwandaeje?

#1 Kiraka
Wakuu salaam.

Mwanangu mkubwa alianza darasa la kwanza akiwa anasoma. Sizungumzii kubabaisha: majina ya wenzake ukutani, vibao, maandishi kwenye boksi la viatu, vyote anasoma. Mama yake alikaa naye mezani kila jioni tangu ana miaka 4. Siku ya kuandikishwa mwalimu alimpa kitabu, kijana akashusha ukurasa mzima, nikatoka pale kifua mbele.

Sasa yuko darasa la pili. Wale walioingia hawajui kitu wamemfikia, na wawili watatu wamempita. Daftari lake limejaa sentensi zilizokatikia njiani. Ukimuuliza anasema "nilikuwa namalizia".

Mdogo wake wa kike anaanza muhula ujao, anakaribia miaka 6. Mama yake ameshatoa tena ile meza. Mimi nasema safari hii tuachane na kusoma, tumfundishe kuvaa viatu, kwenda chooni mwenyewe na kuishi na wenzake, herufi atazikuta shuleni. Tumebishana hadi nikaamua kuleta humu. Nani yuko sahihi? Na huyu mkubwa kilimpata nini?

#2 Mpitanjia
Nimekaa pale, ngoja walimu waje.

#3 Shangazi Mkali
Mama yuko sahihi. Ukisikia baba anasema "mwacheni mtoto acheze" ujue zamu ya kukaa mezani imemfikia yeye. Wangu aliingia anasoma na mpaka leo anaongoza. Kujua kusoma kumemdhuru nani?

#4 Ticha wa Zamu
Nafundisha darasa la kwanza. Watoto wa aina ya huyo mkubwa huwa nawapata, na nikiwapima wanagawanyika. Wapo wanaosoma kweli, na wapo waliokariri sura za maneno. Hawa wa pili hawadanganyi, wao wanaamini huko ndiko kusoma. Kibao wanakijua kwa rangi, kitabu wanakijua kwa picha.

Kuna mmoja nilimfungulia ukurasa wenye picha ya jogoo, chini yake pameandikwa "kuku". Akasoma "jogoo" bila kusita, kidole kiko juu ya neno. Nikafunika picha kwa kiganja. Akanitazama usoni, akatazama kiganja, akaanza kunivuta kidole kimoja kimoja ili achungulie.

Mtoto wa namna hiyo ataonekana bingwa muhula wa kwanza, kwa sababu vitabu ni vifupi na vina picha. Maneno yakiongezeka, kichwa kinajaa. Wenzake waliojifunza sauti za herufi wanampita.

Kumjua ni rahisi, mwandikie maneno ambayo hayapo: lomi, zeko, nupa. Anayesoma atayasoma. Aliyekariri atakuambia neno linalofanana nayo au atanyamaza. Uingereza tangu 2012 wanawapima watoto wao wadogo hivyo hivyo, maneno 40 na nusu yake ni ya kubuni.

Halafu kitu kingine, wazazi mnaoimbisha "ei, bii, sii". Mtoto akijua b inaitwa "bii", akiunganisha na a hapati "ba". Mfundisheni sauti, jina la herufi litakuja lenyewe.

#5 Kiraka
Asante mwalimu. Ila huyu anasoma kweli, nina uhakika. Anasoma hadi ujumbe kwenye simu yangu, na hilo limeniletea matatizo.

#6 Mpitanjia
Hapo kwenye ujumbe wa simu hebu fafanua mkuu.

#7 Nondo Nzito
Mnamtisha mtu bure. Kijana hajashuka, wenzake ndio wamepanda, na hilo linajulikana.

New Zealand, Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wale wa shule za Steiner wanaoanza na miaka 7. Utafiti ulichapishwa 2013. Wa kwanza walitangulia, lakini walipofika miaka 11 hivi hapakuwa na tofauti katika kusoma. Kuanza mapema kunakupa uongozi wa muda, na muda ukiisha mnabaki sawa. Ndicho kinachotokea kwa kijana wako, hakuna ugonjwa hapo.

Kwa hiyo Kiraka yuko sahihi. Finland wanaanza darasa la kwanza na miaka 7, kabla ya hapo hawagusi herufi, na wanatushinda wote.

#8 Chura Mrefu
Nondo, hiyo ya Finland imezidishwa chumvi. Kuanza na 7 ni kweli, ila kuna mwaka mzima wa maandalizi kwa watoto wa miaka 6, na tangu 2015 ni wa lazima. Humo wanacheza na sauti: neno hili linaanza na nini, linaishia na nini, yapi yana vina. Na kama theluthi moja ya watoto wa kule huingia darasa la kwanza wakiwa tayari wanasoma.

Jambo lingine ambalo watu hawalisemi ni kwamba Kifini huandikwa kama kinavyotamkwa. Philip Seymour na wenzake mwaka 2003 walilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa darasa la kwanza. Wa Kifini, Kihispania, Kiitaliano na Kijerumani walisoma zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Wa Kiingereza waliishia kama asilimia 34. Kiswahili kiko kundi la kina Kifini. Mtoto akizijua irabu 5 na konsonanti, kinachombabaisha ni vikundi vya ch, sh, ny, th, dh, gh na ule ugomvi wa ng na ng'. Ndiyo maana wenzake walioanza sifuri wameweza kumfikia haraka hivyo. Lugha ndiyo iliyowabeba.

#9 Shangazi Mkali
Nondo #7, hao wazazi waliochagua shule inayochelewesha kusoma ni wazazi wa kuokota? Ni watu wanaoongea na watoto wao kutwa na nyumba zimejaa vitabu. Kwa mtoto wa aina hiyo hata ukichelewa hakuna kinachoharibika. Niletee mtoto ambaye nyumbani hakuna karatasi wala mtu wa kumsimulia kitu, umwambie asubiri, halafu tuone kama atafika.

#10 Mikono Miwili
Mnagombania kusoma wakati mleta mada ametuonyesha daftari. Sentensi zimekatikia njiani. Mimi nafanya mazoezi ya viungo na watoto, na kwangu hapo shida ni mkono.

Mtoto aliyekaa na kitabu tangu miaka 4 macho yake yamefanya kazi nyingi, vidole vimekaa bure. Darasa la kwanza linaudai mkono sana: kunakili ubaoni, kuandika tarehe, kupiga mstari, kufuta bila kutoboa karatasi. Mwangalie anavyoshika penseli. Kama ameikunjia ngumi na mkono mzima unasogea kuanzia begani, huyo anachoka kabla ya mstari wa pili.

Usimwongezee kuandika. Mpe mkasi akate karatasi, kwanza vipande ovyo, baadaye kwa kufuata mstari. Mpe udongo afinyange. Abane nguo kwenye kamba kwa vibanio. Apitishe uzi kwenye kadi yenye matundu. Na penseli iwe fupi! Kipande cha urefu wa kidole chake hakimpi nafasi ya kukunja ngumi, atakishika kwa ncha za vidole apende asipende. Wazazi wananunua penseli mpya ndefu, mimi naomba zilizokwisha.

#11 Ticha wa Zamu
#10 nakubali nusu. Kabla ya kuulaumu mkono, kaa pembeni yake akinakili, uone kichwa kinainuka mara ngapi kwa neno moja. Anayesoma atatazama "kitabu" mara moja kisha aliandike lote. Mwingine anatazama k, anaandika k, anatazama i, anaandika i, na akirudisha macho ubaoni hajui alikuwa wapi. Huyo anachora. Mkono wake unaweza kuwa mzima kabisa na bado sentensi zikakatika.

#12 Bin Kimya
Mimi niliingia darasa la kwanza nasoma. Naomba niwaambie kilivyo kutokea ndani.

Unakaa. Mwalimu anaandika a. Darasa zima linasema a. Wewe unatazama dirishani. Kesho e. Unapata vyema vyote bila kufanya lolote, unasifiwa, na unajifunza kwamba mwenye akili hahangaiki. Siku linapokuja jambo usilolijua, sasa lazima uhangaike, na hujui kuhangaika kunafanywaje. Wenzako wamefanya mazoezi ya kukosea mwaka mzima. Wewe ukikosea mara moja unaona aibu, unaacha katikati. "Nilikuwa namalizia" hata mimi niliisema sana.

#13 Muuguzi wa Usiku
Kabla hamjafika kwenye roho ya mtoto, pelekeni macho na masikio yakapimwe.

Mtoto asiyeona mbali halalamiki, kwa sababu hajawahi kuona vingine. Anadhani ubao uko hivyo kwa wote. Kusoma kitabu kilicho mkononi anaweza vizuri, kunakili ubaoni ndiko kunamshinda. Kiraka, umesema anasoma simu. Simu iko umbali gani na macho yake?

Lipo pia jicho lisilofundishwa na ubongo kuona sawasawa, lenzake linafanya kazi yote. Hilo linatibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi, baadaye kazi inazidi kuwa ngumu. Na masikio: mafua ya mara kwa mara huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto anasikia kama aliyezama. Huyo hawezi kutofautisha "pa" na "ba", na mtamwita mtundu.

Usingizi nao. Wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayelala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja amelala saa 7. Msianze kubadilisha siku moja kabla ya shule kufunguliwa, sogezeni saa ya kulala kidogo kidogo wiki kadhaa kabla.

#14 Babu Kizaazaa
Enzi zetu hakukuwa na maneno yote haya. Unapitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaandikishwa. Usipogusa unarudi nyumbani. Mimi niligusa kwa kuinamisha shingo.

#15 Muuguzi wa Usiku
Babu, shingo yako tumeiona. Ila kipimo kile kilikuwa na maana. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kwa mwili wake na mikono ni mifupi, karibu na miaka 6 au 7 mikono inarefuka ndiyo inafika. Kimetumika sehemu nyingi za Afrika na Asia kwa watoto wasio na cheti cha kuzaliwa. Lakini kinapima mifupa. Mrefu wa miaka 5 anagusa, mfupi wa 7 anakosa.

Na mkiwa mnakagua vichwa, fungueni na midomo. Karibu na miaka 6 gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wanadhani ni la utotoni wanaliacha litoboke. Likiharibika hakuna lingine litakaloota hapo.

#16 Mpitanjia
Nimeingia kusoma habari za darasa la kwanza, sasa nipo mbele ya kioo nahesabu magego yangu.

#17 Kalamu ya Mkaa
Kurasa zote hizi hakuna aliyetaja hesabu. Mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake waliunganisha takwimu sita kubwa za Marekani, Uingereza na Canada kuona nini mtoto anachoingia nacho shuleni kinaashiria mafanikio ya baadaye. Hesabu ndiyo iliongoza. Kusoma kukafuata, kisha umakini. Na hesabu ya mwanzo iliashiria hata kusoma kwa baadaye.

Tatizo ni kwamba mzazi akisikia mtoto anahesabu hadi 100 anaridhika. Ule ni wimbo. Mmwagie vifuniko vya chupa, mwambie "nipe vitano". Utashangaa. Wengi wanakukamatia ngumi nzima. Wengine wanahesabu vizuri, moja mbili tatu nne tano, ukiwauliza "kwa hiyo ni vingapi?" wanaanza upya. Hawajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu. Kisha panga safu mbili za vifuniko saba saba, moja uitawanye iwe ndefu. Muulize ipi ina vingi. Atakuambia ndefu. Piaget alilionyesha hili zamani, na kwa umri huo si ujinga, ila mtoto anayecheza na vitu vingi anavuka mapema.

Kwa hiyo Kiraka na mkeo wote mmeacha nusu ya kazi. Apange sahani mezani kila mtu yake, agawe vitu sawa kwa watu watatu, acheze michezo ya kete akisogeza hatua. Haihitaji daftari.

#18 Nondo Nzito
Kalamu umeshusha. Ila kubwa kuliko yote ni subira. Walter Mischel pale Stanford aliwawekea watoto peremende moja mezani: ukisubiri nikirudi utapata mbili. Waliosubiri walifanya vizuri shuleni miaka mingi baadaye. Mfundisheni kusubiri, mengine yatafuata.

#19 Chura Mrefu
Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia kwa watoto wengi zaidi na wa familia mchanganyiko. Uhusiano ulikuwepo ila mdogo, na walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali ukapungua kwa kama theluthi mbili. Mtoto ambaye nyumbani ahadi hazitimizwi anakula peremende yake sasa hivi, na yuko sahihi.

#20 Nondo Nzito
Chura kazi yako ni kunifuata nyuma na rungu tu.

#21 Mama Pacha
Mnaongea mambo makubwa, mimi niwaletee la chooni. Mmoja wa pacha wangu alikuwa anarudi nyumbani amelowa. Nyumbani hakuwa na tatizo hilo kabisa. Nikamfuatilia. Kumbe sare ilikuwa na kifungo kigumu kiunoni na ndoano ndogo juu yake. Nyumbani anavaa ya lastiki. Anafika mlangoni kwa haraka, anapambana na kifungo, anashindwa. Akaanza kubana kutwa na kutokunywa maji, mwalimu akaniambia mchana anakuwa mzito haelewi kitu.

Nikabadilisha kifungo, basi.

Kwa hiyo Kiraka mvalisheni sare kamili wiki moja kabla, mpeni na begi, muone anajifungulia wapi na anakwama wapi. Afungue chupa ya maji mwenyewe. Apenge kamasi mwenyewe. Viatu kama hawezi kamba nunua vya kubandika, kamba atajifunza baadaye hakuna mtihani wa kamba. Na mfanyie mazoezi ya kusema kwa sauti "mwalimu naomba kwenda chooni". Wapo watoto hawajui kwamba inaruhusiwa kuomba.

#22 Ticha wa Zamu
#21 huyo mama apewe maua. Siku za mwanzo mimi nauliza mambo matatu tu: unaweza kwenda chooni, unaweza kuniambia unaumwa wapi, na nikisema mambo mawili kwa mpigo unaweza kuyafuata? "Weka begi kwenye kiti, kisha uje ukae mbele." Nusu ya darasa wanakuja mbele na begi mgongoni. La tatu linachezeka nyumbani: mwambie akisikia "kichwa" aguse vidole vya miguu, akisikia "miguu" aguse kichwa. Lazima ajizuie kufanya la kwanza linalomjia. Watacheka wenyewe hadi walale chini, na ndio umakini wenyewe huo.

#23 Kiraka
Mrejesho. Nimefanya jioni hii na binti.

Vifuniko vitano: alinipa vyote. Nikamwambia nilitaka vitano, akajibu "hivyo vingine vya akiba". Safu ndefu na fupi: ndefu ina vingi. Herufi hajui ila tatu nne za jina lake. Lakini nilipomuuliza "mama" inafanana na nini mwanzoni akasema "meza", "maji", na jina la rafiki yake linaloanza na m. Sikumfundisha mimi.

Kwa mkubwa nimejaribu lomi, zeko, nupa. Lomi na nupa amesoma. Zeko akasoma "zeze". Sasa hiyo ni kukariri au ni kuteleza?

#24 Shangazi Mkali
Hiyo ni baba kusimama na saa mkononi. Hata mimi ningesoma zeze.

#25 Mama wa Meza
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye mwenye meza.

Kwanza hatukukaa kila jioni. Nilikuwa namfundisha binamu yake aliyekuwa anasumbuka na kusoma, huyu akiwa chini ya meza anacheza, akaokota huko huko. Pili, baba yao hajawaambia kwamba katikati ya darasa la kwanza tulihama, na shule mpya anakaa nyuma kwa sababu ya urefu. Tatu, kile kitabu alichoshusha siku ya kuandikishwa tulikuwa nacho nyumbani.

Ujumbe wa simu ni kweli anasoma. Hilo tutaliongea sisi wenyewe.

Swali langu ni la binti. Akiandika jina lake anaanzia kulia, na herufi zimegeuka zote, kama umeziona kwenye kioo. Nimeanza kuogopa.

#26 Mpitanjia
Kiraka upo?

#27 Kiraka
Nipo. Tuendelee na mada.

#28 Ticha wa Zamu
Mama karibu. Hiyo ya kitabu cha nyumbani imenirudisha kwenye nilichosema #4. Kwa binti usiogope, hadi miaka 7 hivi ni kawaida.

#29 Chura Mrefu
Sababu yake inapendeza. Stanislas Dehaene wa Ufaransa ameieleza hivi: sehemu ya ubongo tunayosomea ilikuwepo kwa kazi ya kutambua vitu na nyuso, na kwa kazi hiyo kulia na kushoto havina maana. Kikombe ni kikombe mkono wake ukielekea popote. Kisha tunamletea mtoto b na d, p na q, tunamwambia hivi ni vitu tofauti. Lazima ubongo usahau ujanja wake wa zamani. Hachanganyi kwa uzembe, anafanya alichokuwa anafanya vizuri. Muonyeshe anapoanzia, weka nukta upande wa kushoto wa karatasi, afuatishe herufi kubwa kwa kidole kwenye mchanga. Maria Montessori alikuwa na herufi za msasa, kidole kinapita juu ya umbo kwa mwelekeo mmoja. Yakizidi baada ya miaka 8, na kusoma kwenyewe kunasumbua, hapo ndipo utafute mtaalamu.

#30 Babu Kizaazaa
Huyo binti bado mdogo. Mngojeni mwaka mmoja akomae.

#31 Kalamu ya Mkaa
Babu ana hoja. Mdogo kuliko wote darasani anaweza kuzidiwa karibu mwaka mzima na mkubwa wao, na kwa miaka 6 mwaka ni mwingi. Utafiti wa Marekani wa 2018 uliangalia majimbo ambayo ukomo wa kuandikishwa ni Septemba 1. Waliozaliwa Agosti, yaani wadogo wa darasa, walitajwa kuwa na tatizo la umakini kwa theluthi moja zaidi ya waliozaliwa Septemba. Magonjwa hayatofautiani hivyo kwa mwezi mmoja. Wanalinganishwa na wakubwa zao. Yule mkubwa wenu amezaliwa mwezi gani?

#32 Mama Pacha
Ila tofauti hiyo inapungua kadiri wanavyopanda madarasa. Na mwaka wa kungoja mtoto anafanya nini? Kama anaachwa na televisheni bora aende.

#33 Mama wa Meza
Mkubwa alikuwa wa pili kwa udogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

#34 Bin Kimya
Kwa hiyo tuna kukariri, mkono, macho, uchovu wa kungoja wenzake, kuhama, kiti cha nyuma na mwezi wa kuzaliwa. Bado mwalimu wake tu hajatajwa.

#35 Ticha wa Zamu
Nilikuwa nasubiri. Mtajeni, tumezoea.

#36 Mikono Miwili
Mama, binti anatumia mkono gani?

#37 Mama wa Meza
Kushoto. Bibi yake anamhamishia kulia.

#38 Mikono Miwili
Bibi aombwe kwa heshima aache. Kwa wa kushoto, kuanzia kulia ni mwendo wa kawaida wa mkono wake, kutoka katikati kwenda nje. Karatasi ilazwe kidogo, sehemu ya juu ielekee kulia, na ashike penseli juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika. Darasani akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigombane na jirani. Na mkasi wa kawaida unamficha mstari anaokata, akikata ovyo msimwite mzembe, mtafutieni wa kushoto.

#39 Shangazi Mkali
Na siku ya kwanza msitoroke getini mtoto akigeuka. Mwambie nani atakuja kumchukua na baada ya kitu gani, muage mara moja, ondoka. Ukirudi dirishani kuchungulia umemwanzishia upya.

#40 Mama Pacha
Nami nichomekee swali kwa mwalimu. Pacha darasa moja au mawili?

#41 Ticha wa Zamu
Ukimuuliza mmoja swali akajibu mwenzake, watenganishe. Wakiwa kila mmoja anajijibia na wanatulia wakionana, waache pamoja mwaka wa kwanza, mwakani muwaulize wenyewe. Wako wakoje?

#42 Mama Pacha
Mmoja anajibu yote. Mwingine anakubali kwa kichwa.